Jedwali Lisilo na Seleyian

Watu wa chesi hawana adabu. Hawasalimii kwanza, hawaulizi mgongo unaendeleaje. Wananikamata sokoni Kitengela nikiwa nimeshika mfuko wa nyanya, nao wanauliza swali lile lile: nani ataingia Wanane mwaka huu? Mwihaki ana nafasi? Mimi nawajibu, tena kwa urefu, kwa sababu nina ugonjwa wa kupenda kujibu. Ndiyo maana vijana walinibandika jina la Mama Asilimia, na nikajifanya sijalipenda.

Kwa asiyejua, Wanane ni mashindano ya mwisho wa mwaka. Wachezaji wanane tu, bora nchi nzima, wanakutana wiki moja mwezi wa Disemba. Mtu akiingia hata mara moja, jina hilo anabaki nalo. Atazeeka, atasahau hata farasi anaruka vipi, na bado watu watanong'onezana akipita kwamba yule alikuwa wa Wanane. Nafasi moja ni ya mshindi wa Kombe, ambalo huchezwa Aprili. Saba zilizobaki zinatoka kwenye orodha ya pointi, baada ya vituo vitano: Thika, Nakuru, Machakos, Kitengela, na mwaka huu cha mwisho kilikuwa Kajiado. Ukishinda unapata pointi tano, ukitoka sare unapata mbili, ukishindwa hupati kitu. Waliweka hivyo ili watu waache kupeana mikono mapema na kukimbilia nyama choma.

Mimi ni karani wa takwimu za mifugo. Mchana nazunguka Bisil na vijiji vya huko nikiandika ng'ombe wa watu, waliochanjwa na waliokufa kwa ukame. Jioni nikirudi Kitengela naandika wachezaji. Kucheza kwenyewe siwezi. Malkia wangu huliwa kabla chai haijapoa. Lakini nipe matokeo ya mtu ya miaka mitatu, nami nitakuambia atafanya nini akiwa amechoka, akiwa anaongoza, akiwa anacheza na mtu anayemwogopa. Jedwali langu nililianza miaka minne iliyopita. Majina kushoto, asilimia kulia, na kila Ijumaa naliweka kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa chesi. Mwaka wa kwanza nilipatia saba kati ya wanane. Wa pili, saba tena. Wa tatu nilipatia wote, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kubishana nami.

Jedwali hilo lilikuwa na kila mtu mwenye hata chembe ya nafasi. Aliyekosekana ni mmoja tu, binti yangu Seleyian.

Si kwamba hachezi. Seleyian ni nesi katika kliniki moja hapa Kitengela, ana miaka ishirini na sita, na chesi ameicheza tangu darasa la tano. Mara tatu alifika ukingoni mwa Wanane akabaki nje. Watu walidhani namdharau. Wengine walidhani ni unyenyekevu, kwamba mama mwenye haya hawezi kumsifu mwanawe hadharani. Niliwaacha wadhani.

Baba yangu hakuhesabu ng'ombe wake hata siku moja. Jioni wakirudi alisimama kwenye lango la boma, akawatazama wakiingia, na akajua ni yupi hayupo kwa rangi na kwa pembe. Ukimuuliza ni wangapi, alikasirika, kana kwamba unamtakia wapungue. Kwa watoto ilikuwa hivyo hivyo. Mama yangu ukimuuliza ana watoto wangapi alikujibu kwamba wapo, na kama huridhiki, mlango ni ule. Mimi nilienda shule nikawacheka wote wawili. Nilipowaambia kwamba serikali imeniajiri kuhesabu ng'ombe, baba alinyamaza siku mbili.

Halafu ikaja Agosti ya mwaka wa tisini na tisa, watu walipohesabiwa nchi nzima. Kijana mmoja mpole mwenye penseli alifika nyumbani kwetu Bisil. Aliniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wawili, Kisemei wa miaka mitatu na Seleyian wa miezi minne. Mama yangu alikuwa nyuma yangu akiosha kibuyu cha maziwa. Alikiweka chini. "Mwambie wapo," alisema kwa Kimaasai. Nilicheka, nikamwambia yule kijana aandike wawili. Kufika Novemba nimonia ilimchukua Kisemei ndani ya siku tatu.

Mimi nimesoma. Najua vizuri kwamba penseli ya yule kijana haikumuua mwanangu. Najua pia kwamba tangu mwezi ule sijaweka jina la Seleyian karibu na nambari yoyote. Kadi yake ya kliniki alijaza baba yake, Mungu amrehemu. Fomu za shule alijaza baba yake. Akiniuliza mtu nina watoto wangapi, nasema yupo.

Seleyian alikuwa anajua yote haya. Hata hivyo, mwezi wa Septemba alikuja jikoni akiwa bado na yunifomu ya kazi, akavuta kiti, akaanza kula.

"Yeyo, mwaka huu niweke," alisema; yeyo ni mama kwa Kimaasai.

"Nikuweke wapi?"

"Usijifanye. Kwa jedwali. Kwa group wanasema hata mama yake hampi chance."

"Wacha waseme."

"Niandike hata moja. Asilimia moja tu, nijue niko."

"Siandiki."

"Mimi si Kisemei, yeyo."

Nilimfokea. Nilimwambia asinitajie jina hilo na mdomo wake umejaa ugali, na kwamba mtu mwenye akili angekuwa anasoma kitabu cha wakunga badala ya kukodolea macho mbao. Alimaliza kula, akaosha sahani yake na yangu, akaenda kulala. Nilijichukia kidogo, lakini jedwali sikuligusa.

Kilichonitia hasira ni kwamba safari hii nilijua hana mwaka mwingine. Kwa miaka minne hakwenda likizo kama watu. Kila siku yake ya likizo ilikuwa Nakuru au Thika, ameinamia ubao. Msimamizi wake alikuwa amechoka kumpangia zamu zinazozunguka chesi, na alishamwambia: Januari unaingia wodi ya wazazi, na huko wikendi hakuna ruhusa. Kulikuwa na njia moja tu. Wachezaji wa Wanane hupewa barua na chama cha chesi, ya kuwaombea ruhusa kazini mwaka mzima, na msimamizi alisema barua hiyo akiiona ataiheshimu. Bila barua, basi, chesi imeisha. Seleyian aliniambia hivyo akitazama pembeni, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nirudi kwenye jedwali. Kombe la Aprili lilichukuliwa na Lemein, mwanamume wa Embulbul anayecheza kama anayechuna mbuzi, taratibu na bila kumwaga damu ovyo. Lemein alikuwa pia anaongoza orodha ya pointi. Sheria yetu inasema hivi: mshindi wa Kombe ameshaingia, kwa hiyo kwenye orodha anarukwa, na nafasi inamshukia anayefuata. Siku ile ile aliposhinda Kombe nilifuta mstari wake kwenye orodha ya kompyuta yangu, nikamweka juu peke yake, asilimia mia. Tangu Aprili sikulifikiria tena jambo hilo. Jedwali lilijua.

Kituo cha Kajiado kilichezwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa moja karibu na barabara ya Namanga. Ijumaa jioni, ikiwa imebaki raundi moja, niliweka jedwali la mwisho kwenye kundi. Lemein ndani. Simel wa Matasia ndani, na wengine wanne ndani bila wasiwasi. Mwihaki, asilimia themanini na nane. Kitonga, asilimia tisini na sita. Huyu Kitonga ni dereva wa lori, alikuwa amepata pointi zake sitini na moja na kuondoka, kwa sababu mzigo ulimsubiri mpakani. Raundi ya mwisho hakuwa anacheza. Lakini kwa kuwa binti yangu hakuwa kwenye jedwali, hapakuwa na mtu wa maana wa kumsukuma Kitonga nje.

Jumamosi asubuhi tulifika Kajiado mapema. Upepo ulikuwa ule wa huko, unaokuingia hadi kwenye meno. Dennis, kijana anayeendesha mashindano, alikuwa anabandika orodha ya pointi ukutani kwa gundi ya unga. Alituambia mpinzani wa Mwihaki ameamka mgonjwa, amerudi kwao, kwa hiyo Mwihaki amepewa pointi tano za bure na zimeshaingizwa. Mchezo wa Seleyian ulikuwa na Simel, aliyekuwa wa pili na hakuwa na la kupoteza.

Seleyian alinivuta pembeni, karibu na mlango.

"Yeyo, sikuombi jedwali. Niambie tu leo nahitaji nini."

"Cheza vizuri."

"Hiyo ananiambia hata mlinzi. Nahitaji ushindi ama sare itatosha? Hesabu. Mara moja tu, sitakuomba tena."

Nilitaka kumfokea. Kisha nikamtazama. Mikono alikuwa ameificha ndani ya sweta, kama baba yake alivyofanya akiwa na hofu. Kompyuta ilikuwa kwenye mkoba begani kwangu. Sikuitoa. Nilijiambia kwamba nikihesabu kwa macho, bila kuandika, bila kuweka jina lake mahali, si kuhesabu kweli. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwenye cheti, alijidanganya hivyo mbele ya ukuta wa kanisa.

Nikaanza juu. Lemein, mmoja. Simel, wawili. Nikashuka na midomo yangu inatembea. Wa saba alikuwa Mwihaki, pointi sitini na nne. Wa nane Kitonga, sitini na moja. Wa tisa, kwa herufi ndogo za kompyuta ya Dennis, Seleyian, sitini. Nilisimama hapo kwenye jina lake. Sare ingempa sitini na mbili, angempita Kitonga na kuwa wa nane. Ushindi ungempa sitini na tano, angempita Mwihaki na kuwa wa saba. Orodha inatoa saba.

"Sare haikusaidii," nilisema. "Ni lazima ushinde."

Alikunja uso.

"Uko sure?"

"Nimewahi kukosea?"

Aligeuka akautazama ukuta, kisha akanitazama mimi tena. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu kubwa, la utotoni, ambalo sikuwa nimeliona miaka mingi. Nilidhani ni kwa sababu sasa anajua la kufanya.

"Sawa, yeyo. Nitashinda."

Watazamaji tuliwekwa nyuma ya kamba, na sheria ni kali. Hata kukohoa kwa maana hakuruhusiwi. Nilisimama mahali ambapo niliona ubao wao. Seleyian alicheza na kete nyeupe. Alianza vizuri, bila haraka. Simel ni mtu mstaarabu, ana ng'ombe wengi na watoto wadogo, na ilionekana wazi kwamba alitaka kurudi kwao mapema. Kwenye hatua ya kumi na nane alisogeza ngome yake, akainua uso na kumwambia jambo kwa sauti ya chini. Sote tulijua ni nini. Alikuwa anampa sare.

Seleyian alitazama ubao. Saa yake ilikuwa inakula dakika na mimi nilikuwa nazifuata: tatu, tano, nane. Nilishangaa anafikiria nini, kwa sababu jibu nilishampa. Kisha alizungusha macho akanitafuta kwenye watazamaji. Mimi, mtu wa sheria, niliangalia viatu vyangu. Nilipoinua uso alikuwa ameshatikisa kichwa kumkatalia Simel, na mkono wake ulikuwa umemshika farasi.

Alimtoa farasi huyo sadaka mbele ya mfalme wa Simel. Ukumbi wote ulivuta pumzi. Kwa hatua sita au saba nilidhani atafaulu. Simel alikuwa amevua kofia na anajifuta paji la uso, na watu wa nyuma yangu walianza kunigusa bega. Nilisali. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sina. Halafu Simel akapata hatua moja ndogo, kusogeza askari mmoja mraba mmoja mbele, na shambulio lote likakauka. Seleyian aliendelea kutafuta. Kila alichokijaribu kilikosa hatua moja. Mwishowe alisimamisha saa, akampa Simel mkono. Simel alionekana kama ndiye aliyeshindwa.

"Pole sana," nilimsikia akisema. "Si nilikupatia sare?"

"Ulinipatia. Asante."

Akainuka akatoka kwa mlango wa nyuma. Sikumfuata. Nilikuwa na hasira naye, naomba mnisamehe, hasira ya kipumbavu kwamba angeweza kusubiri hatua mbili zaidi kabla ya kumtoa farasi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikifikiria wodi ya wazazi na wikendi zisizo na ruhusa. Nilijaribu kujifariji kwamba hata hivyo sare isingefaa kitu, na kwamba ni heri ameanguka akipigana.

Baada ya saa nzima Dennis alipanda jukwaani na karatasi, akipuliza kipaza sauti.

"Wanane wa mwaka huu ndio hawa! Kwa tiketi ya Kombe, Lemein!" Makofi. "Kwa orodha ya pointi, namba moja, Simel!" Makofi. Akaendelea. Wa sita alikuwa Mwihaki, ambaye alipiga kelele na kumkumbatia mtu asiyemjua. "Na wa saba, wa kufunga mlango, Kitonga!"

Niliinuka. Nawaambia ukweli, nilisikia raha kidogo kwamba katika siku mbaya namna ile nimepata mtu wa kumrekebisha. Nilitembea hadi jukwaani, watu wakanipisha.

"Dennis, umehesabu vibaya," nilisema, na kipaza sauti kikaichukua sauti yangu na kuitawanya ukumbi mzima. "Kitonga ni wa nane. Wa saba ni Mwihaki. Mnasoma majina kama mnagawa sukari? Rudia."

Dennis alinitazama, akaitazama karatasi, kisha akacheka kwa heshima, kama mtu anayetaniwa na mamake.

"Mathe, si Lemein ako ndani na Kombe? Kwa list tunamruka, kila mtu anapanda moja. Si ni wewe ulitufunza hiyo rule?"

Niliushika ukingo wa jukwaa.

"Halafu hata kwa jedwali yako Kitonga ako ndani. Ninety-six! Cheki, watu wangu." Aliinua simu yake juu kuwaonyesha. "Mama Asilimia amewapata wote wanane, tena! Hakuna alikosa hata mmoja! Mpigieni makofi!"

Wakanipigia makofi. Walisimama hata. Lemein alikuja akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Mtu alikuwa amempigia Kitonga simu na kuiweka sauti ya juu, na Kitonga alikuwa anapiga honi ya lori huko Namanga, honi ndefu, na watu wanacheka. Mimi nilikuwa natazama ukuta. Lemein alikuwa pale juu kabisa, wino mweusi, pointi tisini na tatu, mtu ambaye kwenye kompyuta yangu nilimfuta Aprili. Nilimhesabu. Nilianza naye, mmoja. Seleyian akiwa na sare angekuwa wa nane kwenye ukuta, na wa nane kwenye ukuta ndiye wa saba. Kama ningetoa kompyuta mkobani, kama ningeandika jina lake tu kwenye mstari mmoja mtupu, jedwali lingeniambia kwa dakika moja.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Seleyian alikuwa ameketi kwenye benchi la kwaya lililotolewa nje kupisha meza. Viatu alikuwa amevua. Alikuwa anakula chapati iliyofungwa kwenye gazeti, na alinikatia kipande kabla sijaketi. Nilikishika tu.

"Takwenya," alisema, akinitania kwa salamu yetu ya Kimaasai, kwa kuwa siku nzima hatukuwa tumesalimiana vizuri.

Niliketi karibu naye.

"Seleyian, nimekosea. Sare ilikuwa inatosha. Nilimhesabu Lemein. Simel alikupa Wanane mkononi na mimi nilikuwa nimeshakuambia ukatae." Nililia hapo, bila haya, na makombo ya chapati mkononi. "Nimekuharibia. Nimekuharibia kila kitu."

"Najua, yeyo."

"Dennis amekuambia?"

"Hapana. Nilijua asubuhi." Alikunja gazeti mara mbili. "Jedwali yako nilisoma jana. Kila Ijumaa naisoma. Kitonga umemweka ninety-six na ako na sitini na moja. Mimi na sare niko na sitini na mbili. Hiyo si hesabu ngumu."

Machozi yalikauka. Hasira yangu ya siku zote, ile inayonikimbilia kabla ya akili, ilifika.

"Ulijua? Ulijua, na ulikaa pale dakika kumi na moja, na ukakataa? Mbona hukuniambia pale mlangoni? Mbona hukuchukua sare ya mtu? Huo ni wazimu gani?"

Hakunijibu kwa sauti ya kupanda. Seleyian hajui kupandisha sauti. Kazini wanampa wagonjwa wakorofi kwa sababu hiyo.

"Kwanza nilifikiria pengine unajua kitu mimi sijui. Wewe hukosei. Halafu Simel aliponipatia sare nikapiga hesabu tena, nikaona hapana, umekosea. Nikakutafuta. Ukaangalia chini." Alivaa kiatu kimoja. "Nikasema, nikishinda, nitaingia na hesabu yako itakuwa sawa. Zote mbili. Na ilikuwa karibu, uliona? Ilikuwa karibu sana."

"Lakini kwa nini? Hesabu yangu ni nini? Ungechukua sare, mimi ningeaibika, basi!"

Alivaa kiatu cha pili na kufunga kamba. Ndani ya ukumbi walikuwa wanaita jina langu kwa kipaza sauti, wanataka nipigwe picha na wale wanane.

"Yeyo, tangu nipate akili hujawahi kunihesabu. Kwa fomu, kwa jedwali, kwa mdomo, popote. Leo ulisimama pale kwa ukuta nikaona midomo yako ikienda, moja, mbili, tatu, mpaka ukanifikia mimi. Ukaitaja namba yangu." Alifuta makombo kwenye sketi. "Sasa ningeanzaje kukuambia umekosea?"

Kisha akaingia ndani kumsaidia Dennis kukunja meza.